Fundi Aliyeogopa Sehemu ya Nne

Fundi alikuwa mwoga. Naanza na hilo mapema, kabla watu hawajaanza kumpamba, maana siku hizi ukimuuliza mtu yeyote wa Bujumbura alikuwa wapi miaka ile, atakuambia alikuwa shujaa. Fundi hakuwa. Alitengeneza televisheni na redio huko Buyenzi, katika chumba cha mbele cha nyumba yake, na chumba cha nyuma alikigeuza mahali pa kuchezea michezo ya video. Mtu akipiga teke kopo barabarani, Fundi yuko chini ya meza. Mvua ikianza kupiga mabati, alisimama katikati ya chumba na bisibisi mkononi mpaka ahakikishe kwamba ni mvua kweli. Tulimcheka sana. Yeye alitujibu kwamba kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio, na kwamba kicheko kilimtosha.

Sitasema alizaliwa wapi wala ni wa ukoo gani. Sikuwahi kumuuliza, na chumbani kwake maswali ya namna hiyo yalikuwa mwiko. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, nikikaa Mutanga Sud kwa shangazi yangu, ambaye aliamini nashuka Buyenzi kujisomea na wenzangu. Nilikuwa nashuka kwa ajili ya mchezo mmoja tu. Njiani kulikuwa na vizuizi vya askari, kwenda na kurudi. Hata hivyo nilishuka. Ujana una wazimu wake.

Mchezo wenyewe ulikuwa na jina refu la Kifaransa. Sisi tuliuita Safari, kwa sababu watu wanne wanatembea nchi nzima wakitafuta kitu, na katika kila sehemu mpya ya mchezo kitu hicho ni kingine. Tulikuwa na sehemu ya kwanza, ya pili na ya tatu, na zote tulizimaliza tukazianza upya. Wale wanne kila mmoja ana kazi yake. Yuko anayebeba ngao na kupokea mapigo, yuko anayeponya wenzake, yuko anayerusha mishale, yuko mwizi anayeingia mahali bila kuonekana. Fundi alimpa kila mmoja wetu mtu wake wa kudumu. Zamu ya mtu wako ikifika unapewa maneti, kile kidude cha kubonyeza, ukishamaliza unampa mwenzako.

Na kazi hiyo ndiyo iliyokuwa jina lako. Mimi nilikuwa Mwizi. Kijana mmoja mnene, mwana wa muuza vipuri sokoni, alikuwa Ngao. Mwingine, mwembamba, mpole, anayesoma shule ya ufundi, alikuwa Mponyaji. Fundi mwenyewe ndiye aliyerusha mishale, kwa sababu mpiga mishale husimama nyuma ya wenzake. Mtu akija mara ya kwanza, Fundi alimsimamisha kizingitini akamwambia neno lile lile.

"Viatu na majina, mulangoni. Humu ndani mi sitaki kujua we ni nani."

Tulicheka hilo pia, mwanzoni. Lakini mji wetu ulikuwa umekatwakatwa. Kulikuwa na mitaa ya hawa na mitaa ya wale, na mtu akisikia jina lako na mtaa wako, tayari ana hesabu yake kichwani. Cibitoke, nilikokulia, majirani zetu waliondoka usiku mmoja na nyumba zao zikabaki bila milango wala madirisha. Majina yaliandikwa kwenye vikaratasi, na hukuhitaji kosa ili lako liandikwe. Ni Buyenzi peke yake ambako, kwa sababu ya Waislamu wake wa siku nyingi waliokataa kugawanywa, watu wa pande zote waliweza kukaa benchi moja. Fundi alisema hakuwa na moyo wa kujua siri ya mtu, kwa sababu akipigwa kofi moja tu ataisema. Basi asiijue.

Uwoga wake ulikuwa na ufundi ndani yake. Alitambua gari kwa sauti ya tairi: hili la mkate, hili la askari, hili silijui. Nyuma ya nyumba alikuwa amelegeza mabati mawili ya ua, yakisukumwa yanafunguka kuelekea kwa majirani wachomeleaji wa milango ya chuma, na kila wiki aliyapaka mafuta yasipige kelele. Kwenye mchezo hakuingia chumba chochote kabla ya kuhifadhi tulipofikia. "Umesovegarde?" aliuliza. Ukisema ndiyo, aliuliza tena. Umeme wa siku zile ulikuwa wa kubahatisha, kwa hiyo mara nyingi alituokoa, lakini alihifadhi hata mbele ya duka la kununulia dawa, na hapo Ngao alikuwa anashika kichwa.

Kitu nilichokipenda kuliko vyote ni kusoma kwake. Watu wa Safari hawakuwa na sauti; maneno yao yalitokea kwa maandishi ya Kifaransa chini ya kioo, yakingoja ubonyeze. Wengi waliokuja Kifaransa kiliwapiga chenga. Basi Fundi alisoma kwa Kiswahili cha Buyenzi, mfalme kwa sauti nzito, bibi kizee kwa sauti ya puani, na ndani yake alitia chumvi zake. Mimi nilikijua Kifaransa, nikagundua kwamba katika tafsiri ya Fundi hakuna mtu anayekufa. Kioo kinasema kijiji kimeteketezwa na mama wa shujaa ameuawa, Fundi anasoma kwamba mama amesafiri, yuko kwa dada yake ng'ambo ya ziwa. Siku moja nilimnong'oneza kwamba nimeona. Akanitazama kwa hasira, jambo lisilo la kawaida yake, akasema waliotoka kwao asubuhi ile wakaja kukaa pale walishasikia ya kutosha.

Halafu ikaja sehemu ya nne. Kaka yake Ngao aliileta kutoka Dubai pamoja na mashine mpya, na kwa wiki nzima chumba kilijaa mpaka mlangoni. Sitaki kudanganya, ilikuwa nzuri. Maji yaling'aa, majani yalitikisika, na mara ya kwanza shujaa alipogeuka akatutazama, waliokaa nyuma wote walisimama. Lakini baada ya hapo tulianza kugawanyika. Ngao na wengi wa wageni walisema hatimaye Safari imekuwa mchezo wa watu wazima. Mimi na wengine wa zamani tuliona tumeibiwa. Wanne hawapo tena: yuko shujaa mmoja anayetembea peke yake, ana jina alilokwisha kupewa, na hakuna kazi ya kuchagua. Wanaongea wenyewe kwa Kiingereza, na maandishi yanapita mbio bila kungoja. Fundi alijaribu kusoma siku mbili. Kila alipofungua mdomo, yule wa kwenye kioo alikuwa ameshamaliza, na mtu aliyekufa alikuwa ameshakufa mbele ya kila mtu.

Lakini lililomtisha hasa ni mapigano. Katika zile za zamani mnapigana kwa zamu. Adui anapiga, kisha anasimama. Unaweza kunywa chai, kushauriana, kubishana nani atumie dawa, naye amesimama tu. Katika ya nne adui hasimami. Fundi alipopewa maneti, alibonyeza vitufe vyote kwa pamoja, akafa mara tatu mfululizo, akairudisha kwa Ngao kama mtu anayerudisha kisu.

"Zile zingine adui anakungoja ufikiri," alisema. "Iyi ya ine hakungoji. Iyi ya ine ni kama huko inje. Mi sikutengeneza hiki chumba juu ya watu waje waone mambo ya inje."

Hata hivyo hakuiondoa. Huo ndio ukinzani wake, au mmoja kati yao. Vijana waliitaka, na chumba kikiwa tupu yeye alibaki peke yake na masikio yake. Aliweka utaratibu: mchana sehemu ya nne, alasiri sehemu ya tatu. Huku akilalamika, alikuwa akichungulia ya nne mlangoni, na nilimkamata akisifu yale maji.

Kubishana kwetu kulianza kwa utani, kisha kukachacha. Watu wa ya tatu walikaa upande wa dirisha, watu wa ya nne upande wa mlango. Nje watu walikuwa wameshajifunza kugawanyika, na sisi tuliokimbia hayo tulikuwa tunayafanya juu ya diski. Fundi aliliona kabla yetu. Alianza kuchanganya viti kila asubuhi, akisingizia kwamba anafagia.

Ilikuwa mwezi wa Ramadhani. Fundi alifunga, na sisi wengine, Waislamu na Wakristo, hatukula wala kunywa mle ndani mchana, kwa heshima yake. Labda njaa ilichangia. Mponyaji, ambaye hakuwahi kusema kitu chochote katika ubishi, siku hiyo alisema anaipenda ya nne.

"Mi nimechoka kuponya," alisema taratibu. "Miaka mine naponya tu. Mara moja na mi nataka kupiga."

Ilinichoma. Yeye alikuwa wetu, wa dirishani. Nilimwita msaliti, yeye akacheka, na kicheko chake kikanipandisha hasira. Miezi kadhaa nyuma kitambulisho chake kilikuwa kimeanguka nikakiokota, nikakisoma kabla ya kumrudishia. Ulimi hauna mfupa. Nikamtaja mbele ya watu wote kwa majina yake mawili, la Kikristo na la Kirundi, jinsi mwalimu anavyomwita mwanafunzi mtukutu. Nilifikiri nafanya mzaha.

Fundi hakuwepo chumbani. Alikuwa ametoka kutawadha. Alipoingia alitukuta tumenyamaza na hakuna aliyemwambia kwa nini. Lakini katika chumba cha mbele, pazia likiwa wazi, kulikuwa na mteja nisiyemjua aliyeleta redio yake. Alitazama ndani, kisha akaondoka, akisema atarudi kuichukua.

Siku ya tatu yake, mchana, Fundi aliinua kichwa kutoka kwenye kazi yake. Sisi hatukusikia kitu. Akaingia chumba cha nyuma, ambako tulikuwa mimi, Ngao na Mponyaji peke yetu, akasema gari asilolijua limesimama mbali na kuzima injini. Akamtazama Mponyaji, sijui kwa nini yeye, labda kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu na mlango wa nyuma, labda kwa sababu uso wake ulikuwa umeshabadilika. Akamwambia aende kwa wachomeleaji, apite, asisimame. Mabati yalifunguka bila sauti na kufungwa bila sauti.

Waliingia vijana watatu. Mmoja alikuwa na bastola kiunoni, hakuificha. Walikuwa wakitafuta mtu, wakamtaja kwa majina yote mawili, yale yale, kwa mpangilio ule ule niliouweka mimi. Walimuuliza Ngao, akasema hamjui mtu wa jina hilo. Waliniuliza mimi, nikasema simjui. Fundi aliwaambia hapa hakuna majina, kuko Mwizi, kuko Ngao, na yeye ni Fundi.

Yule wa bastola alirudi mlangoni akatazama chini. Hapo ndipo nilipokumbuka. Viatu. Tulikuwa watu watatu ndani, na mlangoni kulikuwa na viatu vya watu wanne: vyangu, vya Ngao, kandambili za Fundi, na raba nyeupe za shule za Mponyaji. Desturi yetu ya kutulinda ilikuwa imekaa pale mlangoni, ikihesabika.

"Hivi ni vya nani?" aliuliza.

"Vyangu," Fundi alisema. "Kandambili ni za kutawadha. Vile ni vya kutembea."

Fundi alikuwa na miguu mikubwa ya mtu aliyekulia peku. Yule kijana akamwambia basi avivae, awasindikize. Fundi akakaa kwenye kizingiti akavivaa. Sikuona jinsi alivyofanya, kwa sababu nilitazama pembeni, lakini alisimama ndani ya zile raba na kisigino hakikubaki nje. Uso wake haukuonyesha kitu. Yule mwoga aliyekimbia kopo.

Wakati huo mmoja wao, mdogo kuliko wote, alikuwa ameganda mbele ya kioo. Sehemu ya nne ilikuwa inaendelea, shujaa amesimama kando ya yale maji.

"Iyi ni ya ine?" aliuliza. "Mi sikuipenda. Ya tatu ilikuwa nzuri zaidi, mulikuwa watu wane, munapiga kwa zamu."

Ni maneno yangu, ni maneno ya Fundi, neno kwa neno. Sikuwahi kufikiri kwamba watu kama wao wanakaa mahali fulani jioni na kupenda kitu tunachokipenda sisi. Bado hilo linanitisha kuliko bastola.

"Mi napenda ya ine," Fundi alisema.

Kisha akatembea nao mpaka kwenye gari lao, hatua baada ya hatua, akiwaeleza habari za redio ya yule mteja, kwamba imekamilika na waje kuichukua, kana kwamba alishajua ni mwenzao. Waliondoka. Alirudi, akakaa, akashindwa kuvua zile raba. Ngao alizikata kwa mkasi wa waya. Kucha mbili za vidole gumba zilikuwa zimeng'oka. Hapo ndipo alipoanza kutetemeka, akatetemeka siku tatu, na mkewe alimlisha futari kwa kijiko. Baadaye nilimuuliza kwa nini alisema anaipenda ya nne. Alisema hakutaka yeye na yule kijana wawe na kitu kimoja. Tangu siku hiyo sikumsikia tena akiisema vibaya ile sehemu, wala kumwona akicheza sehemu ya tatu.

Mponyaji hakurudi. Wachomeleaji walisema alipita mbio, peku, kuelekea ziwani. Mimi nilimaliza chuo, nikapata kazi wizarani, na sikumwambia Fundi nilichofanya. Nilipunguza kwenda, kisha nikaacha. Nilimwogopa.

Nilirudi silaha ziliponyamaza karibu kote. Chumba cha nyuma kilikuwa kimejaa maboksi ya televisheni zilizokufa. Vijana walikuwa wanacheza kwingine, sehemu ya tano au ya sita, sijui. Fundi alikuwa amezeeka ghafla, macho yamefifia, na mbele yake redio ndogo ilikuwa inasoma majina. Kilikuwa kile kipindi cha watu wanaotafutwa na ndugu zao. Alininyamazisha kwa mkono mpaka kikaisha, kisha akaniambia hakukosa hata siku moja.

"Namusikilizia Muponyaji," alisema. "Nasikiliza yote, Mwizi. Lakini la kwake lilinitoka, uwoga ulilifuta siku ile ile walipolitaja. Pengine walishalisoma mara kumi na mi niko nakunywa chai."

Ningeweza kunyamaza, na ningebaki salama. Lakini mimi nilikuwa bado nalikumbuka. Nililitaja, kwa mara ya pili maishani mwangu, na nikamweleza mara ya kwanza ilikuwa lini. Nilitazama miguu yake kwa sababu sikuweza kumtazama usoni.

"Nilijua ni mutu wa ndani," alisema mwishowe. "Sikutaka kujua ni nani. Ningekuogopa na we, na nilikuwa na watu wengi sana wa kuogopa."

Kisha akasema jina hilo alilisikia redioni. Mwezi uliopita. Mama mmoja anayetoka Kinama alikuwa anamtafuta mwanawe, na Fundi alifikiri ni mwana wa mtu mwingine.

Tulikwenda redioni pamoja siku ile ile, akinishika mkono kuvuka barabara. Tulieleza kwamba sisi ndio tuliomwona mwisho, akiwa mzima. Siku ya nne yake yule mama alikuja Buyenzi. Mwembamba, mpole, hakuhitaji kujitambulisha. Nilikaa nikingoja aniulize jambo ambalo nilikuwa nimejiandaa kulijibu njia nzima kutoka Mutanga, nani alilitaja jina la mwanawe. Hakuuliza hilo. Fundi alimweleza siku ile yote, gari, mabati, ziwa, na katika maelezo yake hakukuwa na mtu aliyelitaja jina. Yeye alisikiliza, mikono imelala magotini, kisha akauliza jambo moja.

"Muzee, alikuwa amekula?"

Ilikuwa Ramadhani, saa nane mchana, na mle ndani hakuna aliyekuwa ametia hata maji mdomoni.

"Alikula, mama," Fundi alisema. "Ndagala na ugali. Alikula akashiba, tukamuongeza."

Mama akaitikia kwa kichwa mara nyingi, akijitikisa kidogo, kisha akaomba maji ya kunywa. Fundi akaenda kuyaleta mwenyewe.